Orwell Hakuwa Mpiga Ramli

Katika vyuo vingi vya Marekani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huchagua semina moja ndogo ya kumfunza kusoma kwa makini na kuandika insha inayoeleweka. Miongoni mwa semina hizo haikosekani ile ya distopia, yaani riwaya na filamu za nchi iliyogeuzwa jehanamu na watawala wake, au na mitambo yake, au na uharibifu wa mazingira yake. Orodha ya vitabu unaweza kuikisia kabla hujaonyeshwa: Nineteen Eighty-Four ya George Orwell, Brave New World ya Aldous Huxley, The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood, na siku hizi Parable of the Sower ya Octavia Butler. Filamu nazo ni zilezile: Blade Runner, The Matrix, Children of Men. Vijana wanaipenda kozi hii na siwalaumu. Nimewahi kuifundisha, na nikiitwa kesho nitaifundisha tena.

Ninaowalaumu ni walimu wenzangu. Darasa hilo, kwa jinsi linavyoendeshwa mahali pengi, limegeuka kibanda cha mpiga ramli. Mwalimu anaugawa ubao sehemu mbili: huku yaliyotimia, huku yasiyotimia bado. Kamera za barabarani? Zimetimia. Vidonge vya kumtuliza mtu asifikiri sana? Vimetimia. Watoto wa kuundwa maabara? Tunakaribia. Muhula ukiisha, kila mwanafunzi anaandika insha ya kueleza ni mwandishi gani aliona mbali kuliko wenzake. Wote wanatoka na imani moja: vitabu hivi vinahusu kesho, balaa lililomo bado liko njiani, na msomaji amebahatika kulichungulia kabla halijabisha hodi.

Imani hiyo ni potofu, na madhara yake si madogo. Vitabu hivi vimeandikwa kutokana na mambo yaliyokwisha kutendeka, na mara nyingi mwandishi alijua yametendeka wapi na yamempata nani. Alichofanya ni kuyahamisha: akayatoa kwa watu wasiohesabiwa, akayatua mlangoni kwa watu wanaohesabiwa. Msomaji aliyefundishwa kuangalia mbele tu hauoni uhamisho huo, na asipouona hajakisoma kitabu.

Nianze na huo mchezo wa kuhesabu. Blade Runner ya Ridley Scott ilitoka 1982, na kisa chake, chenye magari yanayopaa, kimewekwa Los Angeles, Novemba 2019. Novemba hiyo ilipofika, magari ya Los Angeles yalikuwa yangali chini, yamekwama kwenye foleni. Soylent Green, ya mwaka 1973, iliiweka njaa kuu ya New York mwaka 2022. Mpiga ramli wa mtaani anayekosea kiasi hicho hufunga kibanda. Mwalimu wa distopia hafungi, kwa kuwa anazihesabu zilizopata na kuzisahau zilizokosa. Wafanyabiashara walikwisha kuushtukia mchezo huu zamani: Januari 1984 kampuni ya Apple ilirusha tangazo la kompyuta yake ya Macintosh, lililoongozwa na Ridley Scott huyohuyo, likiahidi kwamba mwaka huo hautafanana na ule wa kitabuni. Utabiri unauzika hata unapokanushwa.

Wenzangu wakibanwa hapo hukimbilia kwa Butler. Katika Parable of the Talents ya 1998, wanasema, si yumo mwanasiasa anayewania urais kwa kaulimbiu ya kuurudisha ukuu wa Marekani? Na Parable of the Sower ya 1993, ambayo shajara yake inaanza Julai 2024, si imejaa mioto ya California? Altadena ilipoungua Januari 2025, jirani kabisa na Pasadena alikozaliwa Butler, watu walimwita nabii bila kigugumizi.

Lakini kaulimbiu hiyo Ronald Reagan aliitumia katika kampeni yake ya 1980, Butler akiwa mtu mzima wa miaka 33. Hakuitabiri, aliikumbuka. Mji wa Olivar katika Parable of the Sower, ambao wakazi wake wanauuza kwa kampuni na kuishia kufanya kazi kwa ujira usiotosha chakula, deni likipanda kila mwezi, umetokana na historia ya Marekani yenyewe: vitongoji vya migodi ya makaa ya mawe, mfanyakazi akilipwa kwa vocha za duka la kampuni, na mashamba ya Kusini ambako watu weusi waliokwisha kutangazwa huru walifungwa upya kwa minyororo ya madeni. Butler alikuwa mwanamke mweusi aliyelelewa na mama mfanyakazi wa nyumbani. Katika makala aliyoiandika mwaka 2000 alieleza bila kuficha kwamba matatizo ya riwaya zake hakuyabuni; aliyatazama yale yaliyopuuzwa akayapa muda wa kukua. Mwenyewe amekataa kilemba cha unabii, na sisi tunang'ang'ania kumvisha.

Uhamisho ninaousema unaonekana wazi zaidi kwa H. G. Wells, ambaye semina hizi humpitia juujuu kana kwamba ni babu wa filamu za vita vya angani tu. The War of the Worlds ilitoka kama kitabu mwaka 1898. Viumbe wa sayari ya Mirihi wanatua Surrey, kusini mwa Uingereza, na kuwachoma watu kwa miali ya joto kama mtu anayesafisha shamba. Katika sura ya kwanza tu, kabla hata silinda ya kwanza iliyowaleta haijafunguka, Wells anawaambia Waingereza wenzake wasiwahukumu wavamizi hao kwa ukali, wakumbuke kwanza walichowafanyia wenyeji wa Tasmania. Kitabu kizima kimejengwa juu ya maneno hayo: London inatendewa ilichotenda. (Wells aliandika kana kwamba Watasmania wote walikwisha kabisa. Vizazi vyao vipo hadi leo, na hawapendi kusikia habari za kutoweka kwao.) Mwaka uleule, mwezi Septemba, kule Omdurman nchini Sudani, mizinga na bunduki za Maxim ziliwaangusha zaidi ya watu 10,000 asubuhi moja, na upande wa Waingereza na Wamisri wakafa chini ya 50. Anayeuliza miali ya joto ya Mirihi itavumbuliwa lini amechelewa kuuliza.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwandishi wa distopia anauchukua mkuki huohuo na kumwelekezea msomaji aliyezoea kuwa upande wa mpini.

Sasa nije kwa Huxley, kwa kuwa hapa ndipo ninapogombana zaidi na wenzangu. Brave New World, ya mwaka 1932, hufundishwa kama utabiri wa starehe zinazotupumbaza: vidonge vya soma, ngono isiyo na mapenzi, watoto wanaozalishwa kwenye chupa kwa madaraja, Alfa juu na Epsiloni chini. Sawa. Lakini yumo katika sura ya 13 kijana mmoja ambaye sijawahi kukutana na mwanafunzi aliyemwona bila kuonyeshwa. Lenina, mhudumu wa chumba cha viinitete mjini London, ana mawazo ya mapenzi. Kazini anasahau kama chupa iliyo mbele yake ameidunga au hajaidunga chanjo ya malale, anaamua kutohatarisha kuidunga mara mbili, anaipita. Huxley anatuambia hapohapo, kwa sentensi moja, kwamba baada ya miaka 22, miezi 8 na siku 4, mtawala kijana wa daraja la Alfa-Minasi atakufa kwa malale huko Mwanza-Mwanza, mgonjwa wa kwanza baada ya zaidi ya nusu karne. Hadithi inaendelea na mapenzi ya Lenina.

Mwanza-Mwanza! Msomaji wa Kiswahili anaruka kitini. Msomaji wa Marekani anadhani ni jina la kubuni, kama la sayari. Huxley hakuokota jina hilo na ugonjwa huo hewani. Mwanzoni mwa karne ya 20, malale yalizizoa pwani za ziwa tunaloliita Viktoria. Upande wa Uganda peke yake, waliokufa wanakadiriwa kuzidi 200,000. Walichofanya watawala ndicho ambacho semina ya distopia ingepaswa kukisoma wiki nzima. Gavana Hesketh Bell aliamuru watu waondolewe mwambao mzima, kisha visiwani, ili mbung'o wakose damu ya binadamu ya kunyonya. Daktari Robert Koch, mwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 1905, alipiga kambi visiwa vya Ssese mwaka 1906 na 1907, akawadunga wagonjwa dawa iitwayo atoxyl, yenye aseniki ndani yake. Akaongeza vipimo. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka, na macho hayakurudi. Kambi za kuwatenga wagonjwa zikajengwa pia upande wa Wajerumani wa ziwa hilohilo.

Tazama basi mambo yalivyopinduliwa. Kitabuni, dola ya maabara iko London, na Afrika ni mahali ambapo msiba wake unamdondokea ofisa mmoja mwenye mustakabali mzuri. Katika historia, dola ya maabara ilikuwa ziwani, na waliodungwa sindano hawakuwa maofisa. Sidai kwamba Huxley alikusudia kutuambia hayo. Hata nadhani hakuwawaza kabisa watu wa Ssese. Ila sentensi yake imebeba zaidi ya alichokikusudia. Mwalimu anayeipita ili awahi mjadala wa kama simu ndiyo soma ya leo amepita kwenye mgodi akaokota kokoto.

Orwell naye anayo kona ya namna hiyo. Katikati ya Nineteen Eighty-Four kuna kitabu ndani ya kitabu, cha adui wa Chama kinachotawala, Goldstein, ambacho wanafunzi hukiruka kwa sababu kimekaa kihotuba. Humo Orwell anaeleza madola makubwa matatu yanapigania nini: eneo lenye pembe nne, Tangier, Brazzaville, Darwin na Hong Kong, lenye karibu moja ya tano ya binadamu wote. Wakazi wake wanapita kutoka mkono wa mshindi mmoja hadi wa mwingine, kazi yao ikitumika kutengeneza silaha za kutekea watu zaidi wa kufanya kazi hiyohiyo. Chukua ramani uchore mstari kutoka Brazzaville hadi Darwin. Mombasa na Tanga zimo ndani. Unguja na Dar es Salaam ziko nje kidogo, kama mpiga chapa hakuteleza. Kitabu kinachosifiwa kwa kutabiri maisha ya raia wa London kinaeleza, kwa utulivu wa jiografia ya shule, kwamba watu wa huku kwetu tayari ni watumwa na hakuna anayejisumbua kuwachunguza kwa kamera.

Kwa nini alijua? Kwa sababu alikuwa askari wa kazi hiyo. Eric Blair, ndilo jina lake halisi, alizaliwa Motihari, India, mwaka 1903, baba yake akiwa ofisa wa idara ya kasumba ya serikali, na kuanzia 1922 hadi 1927 alikuwa ofisa wa polisi Burma. Waburma wapenda vitabu wana utani, ulioripotiwa na mwandishi Emma Larkin, kwamba Orwell aliandika riwaya tatu juu ya nchi yao: Burmese Days, Animal Farm na Nineteen Eighty-Four. Ni utani, lakini una mifupa. Najua alikuwa akimlenga Stalin. Najua pia kwamba uchakavu wa mji wa Winston, mhusika mkuu wake, na wembe usiopatikana, ni London ya baada ya vita, na kwamba aliifanyia BBC kazi ya propaganda tangu 1941 hadi 1943. Hayo yote yananiunga mkono. Hakuna hata moja lililotoka kesho.

Hata alama za vidole, ambazo kila darasa linaziweka upande wa yaliyotimia, zina cheti cha kuzaliwa. Mfumo wa kuzipanga na kuzitafuta ulitengenezwa na polisi wa Bengal chini ya Edward Henry, hesabu zake zikifanywa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Ofisi yake ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897, na polisi wa London wakaupokea mwaka 1901. Ulijaribiwa kwanza kwa watu ambao hawakuwa na pa kushtaki. Kisha ukaja Kenya. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa 1915, ikacheleweshwa na vita, ikaanza kutekelezwa mwaka 1919 na 1920: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi awe na kipande. Humo mna jina lake, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, na sahihi ya mwajiri siku anapomwachilia. Asiposainiwa, hawezi kuajiriwa kwingine. Akiondoka, ni mtoro na anatafutwa. Karatasi yenyewe iliwekwa ndani ya kijisanduku cha bati na kuning'inizwa shingoni.

Miaka hiyohiyo, huko Petrograd, mhandisi wa meli Yevgeny Zamyatin alikuwa akiandika We, riwaya ya watu wa Dola Moja, wasio na majina ila namba, msimulizi wake akiitwa D-503. Ilichapishwa kwa Kiingereza New York mwaka 1924, wakati Urusi ilikaa bila kuichapisha hadi 1988. Orwell aliisoma na kuihakiki, na semina nyingi huianzia hapo hadithi ya distopia. Huanza vizuri. Ila zingeweka kando ya D-503 yule mwanamume wa Murang'a mwenye bati shingoni, mwanafunzi asingeuliza tena Dola Moja ya Zamyatin itakuja lini.

Kuna wakati nilifundisha The Handmaid's Tale, na kabla ya somo niliwaomba wanafunzi wasome tena taarifa ya habari anayoitazama mjakazi anayesimulia, katika sebule ya Kamanda anayemtumikia. Ni mistari michache: vita vinakwenda vizuri, na uhamishaji wa Wana wa Hamu kupelekwa Dakota ya Kaskazini unaendelea kama ulivyopangwa. Wana wa Hamu ndio Wamarekani weusi. Binti mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa msemaji, akauliza: "Mwalimu, hao walifika?" Nikamwambia mtangazaji anadai baadhi wamefika, ila kitabu hakituonyeshi. "Basi ni kitabu cha nani?" Darasa likanyamaza, kisha likaanza kubishana hadi kengele ikalia, na sikulitibua.

Swali lake ndilo swali. Atwood amesema mara nyingi kwamba alijiwekea sharti la kutoweka humo jambo ambalo binadamu hawajalifanya mahali fulani, wakati fulani. Alianza kukiandika Berlin Magharibi mwaka 1984, ukuta ukiwa bado umeuzunguka mji. Romania ya Ceaușescu ilikuwa imepiga marufuku utoaji mimba tangu 1966. Lakini yaliyo mengi yanatoka nyumbani. Wanawake wanaokatazwa kusoma, wanaobadilishwa majina kwa kufuata mwenye nyumba, wanaozalishwa watoto kisha kunyang'anywa: hiyo ni Marekani ya utumwa, ambako Carolina ya Kusini ilikataza kwa sheria ya mwaka 1740 kuwafundisha watumwa kuandika. Hata njia ya siri ya kutorokea Canada ameiiga kwa waliotoroka utumwa. Watendwa wa kwanza wameondolewa kwa mistari miwili ya taarifa ya habari, na mahali pao amewekwa mwanamke mweupe aliyesoma chuo. Wengine wanaliona hilo kuwa aibu ya kitabu. Mimi naliona kuwa ndiyo njia ya kukifahamu, mradi mwalimu awe na ujasiri wa kulitaja badala ya kuhesabu ni majimbo mangapi yamepitisha sheria gani mwaka huu.

Kwenye filamu ushahidi uko peupe, maana kamera haiwezi kupiga picha ya kesho. Children of Men ya Alfonso Cuarón ilitoka 2006, na kisa chake ni Uingereza ya 2027, ambako watoto hawazaliwi tena na wakimbizi wanafungiwa. Basi linapoingia kambi ya Bexhill, nje ya dirisha anaonekana mfungwa aliyefunikwa kichwa, mikono imetanuliwa. Picha hiyo ulimwengu ulikuwa umeiona tangu Aprili 2004, kutoka gereza la Abu Ghraib nchini Iraki. Cuarón aliisogeza tu hadi pwani ya Sussex.

Neill Blomkamp alikwenda mbali zaidi. Kabla ya District 9, filamu yake ya 2009 juu ya viumbe wa angani waliofungiwa kwenye vibanda Johannesburg, alitengeneza filamu fupi ambamo aliwahoji watu wa mitaani kwa maswali ya kweli juu ya wahamiaji kutoka Zimbabwe na Nigeria. Majibu yao, yaliyojaa kinyaa, akayageuza kuwa majibu juu ya viumbe wa angani. Hakubadili neno. District 9 yenyewe ilipigwa Chiawelo, Soweto, katika vibanda ambavyo wakazi wake walikuwa wanahamishwa, na jina linaikumbusha District Six ya Cape Town, iliyotangazwa eneo la weupe mwaka 1966. Halafu filamu hiyohiyo ikawachora Wanaijeria kama majambazi walao nyama ya watu, na serikali ya Nigeria ikalalamika, kwa haki. Filamu iliyotengenezwa kwa sauti za chuki halisi imeibakiza chuki nyingine bila kuihamisha popote. Hili nalo ni somo, na mpiga ramli hana pa kuliweka kwenye ubao wake.

Najua majibu nitakayopewa. Kwamba vijana watakata tamaa sina haja ya kulijibu. Waliokata tamaa hawajazi madarasa. La pili ni zito zaidi: kwamba hadithi hizi ni onyo, na onyo lazima liangalie mbele. Orwell mwenyewe, baada ya kitabu kutoka, alitoa kauli kwamba hasemi jamii ile lazima itafika, bali kitu cha kufanana nayo kinaweza kufika. Nakubali. Lakini aliweza kuonya kwa sababu alikuwa ameona. Ukiutoa ushahidi ukabakiza onyo, unabaki na hofu isiyo na anwani, na hofu ya namna hiyo mtu yeyote anaweza kuitumia. Tangu 2017 nimeona Orwell akitajwa na wanaopinga uongo wa serikali na wanaoutetea, wote kwa bidii ileile.

Wa tatu watasema nimeigeuza fasihi kuwa historia. Kinyume chake. Nikishajua kilichohamishwa, ndipo ninapoweza kuuona ufundi wa kuhamisha: kwamba Orwell alimchagua Mwingereza wa miaka 39, mwenye kidonda mguuni na jina la ukoo la kawaida kuliko yote, Smith; kwamba Wells aliteketeza vijiji vya Surrey alivyovizunguka kwa baiskeli. Ni nani anapewa mwili wa kuumia mbele ya msomaji, na ni nani anatajwa kwa mstari mmoja? Hilo ni swali la mhakiki.

Na watasema vijana wana simu mfukoni, waambiwe ya simu. Waambiwe, ndiyo. Januari 2020 laini za simu Tanzania zilianza kuzimwa kwa wasiosajili kwa alama za vidole. Mwezi huohuo Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi ya Huduma Namba, daftari la kitaifa la utambulisho, ilizuia serikali kukusanya vinasaba vya raia. Mwanafunzi aliyelelewa kwenye ramli atasema Orwell aliliona hilo. Mwanafunzi anayejua Calcutta ya 1897 na bati la 1920 atauliza daftari hilo litakaa wapi, nani atalifungua, na nani atanyimwa kazi kwa kukosa sahihi. Maswali hayo babu zake walikwisha kuyauliza. Nairobi ilimwaga damu mwezi Machi 1922, watu walipokwenda kudai kiongozi wao Harry Thuku aachiliwe, na kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao.

Sasa nitibue na wale wanaonishangilia. Wapo watakaofurahi kusikia kwamba jehanamu zote ziliundwa Ulaya na kupokewa Afrika, kisha wafunge daftari. Nawaomba walifungue tena. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwisho wake ni 1976. Mamilioni walihamishwa, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili watu wasirudi. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa lilelile la Mwanza-Mwanza, aliandika Gamba la Nyoka mwaka 1979 akiyatazama hayo yakiwa bado mabichi. Hakuhitaji kuyapeleka sayari nyingine. Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini na serikali ya Moi mwaka 1986, alihitaji: katika Walenisi, ya 1995, aliyehukumiwa kufa anarushwa angani na kuangukia nchi yenye haki, na kutoka huko ndipo tunapoiona yetu. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya Animal Farm, ilitoka Nairobi mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, na kila aliyeisoma alijua nguruwe wake wanakaa mtaa gani. Na Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009, filamu fupi ya watu wanaokunywa jasho lao lililochujwa na kuzalisha umeme kwa miili yao, haina haja ya kusubiri vita vya maji kwa mtu yeyote aliyepanga foleni na dumu Kibera.

Kozi hiyo nikipewa tena, sitapunguza kitabu hata kimoja kati ya vile vinavyopendwa. Nitabadili kazi ya muhula. Kila mwanafunzi atachagua mahali ambapo mwandishi anapita haraka, mtu anayekufa kwa sentensi moja au kundi linalohamishwa ndani ya taarifa ya habari, kisha aniletee lilikotendeka kweli: sheria, picha, kumbukumbu ya mahakama, au mzee aliyekuwapo. Halafu aeleze mwandishi alibadilisha nini na kwa nini. Kurasa nane. Anayetaka kuandika juu ya mwaka 2084, walimu wa kumpokea ni wengi.